Jina Kwenye Kichupa

Sikuzani alikuwa akikwangua chumvi iliyoganda kwenye vipande vya papa mkavu, mgambo wawili na afisa samaki wakasimama mbele ya meza yake sokoni. Ulikuwa msimu wa ufuta. Wakulima wa Naipingo na Mkotokuyana walishika fedha ya kitoweo, na gunia lake moja la papa lilikuwa tegemeo lake hadi msimu mwingine.

"Wewe ndiye Sikuzani Jumaa?" aliuliza afisa samaki, Bwana Filbert, akitazama karatasi.

"Ndiye mimi, baba."

"Funga meza. Unauza pomboo."

Swalehe, muuza tumbaku wa meza ya pili, akaangua kicheko. "Pomboo Nachingwea! Bwana mkubwa, huku bahari yenyewe tunasimuliwa tu."

"Cheka. Vinasaba havidanganyi."

Neno hilo Sikuzani alilijua. Mwaka jana msichana wa chuo kikuu, Letisia, alifika na kasha la vichupa vyenye spiriti. Alimweleza taratibu kwamba nyama, hata ikakatwa kichwa na mapezi, hata ikaanikwa na kutiwa chumvi, ndani yake hubaki na alama ya ukoo wake. Alitaka kujua ni papa gani wanaokwisha baharini, na kama pomboo nao wanauzwa kwa jina la papa, ili walindwe wangali wapo.

Maneno hayo yalimwingia Sikuzani. Nao ni viumbe wa Mungu, aliwaza. Akatamka bismillahi, akakata mwenyewe vijipande kumi na viwili, kila kimoja kama ukucha.

"Kwenye lebo andika namba tu, mama," Letisia alisema. "Jina lako silihitaji."

Sikuzani aliandika namba. Lakini chini ya kila namba aliongeza jina lake na namba ya meza, kwa herufi nzuri za kukaza mkono. Alikuwa ameanza darasa la jioni akiwa na miaka arobaini na sita, na mwalimu Nuhu hakuchoka kuwaambia: karatasi isiyo na jina haisahihishwi. Sikuzani hakutaka kazi yake ipotee. Gari la Ruangwa lilikuwa likipiga honi, na Letisia akafunga kasha bila kutazama.

"Majibu ya chuo kikuu yamefika. Vichupa viwili ni pomboo," alisema Filbert sasa. "Na jina ni lako, kwa mwandiko wako."

"Mimi nanunua kwa Kaimu, baba. Analeta vipande kwa lori kutoka Lindi, vimeshakatwa, vimeshakauka. Vikinifikia mimi vyote ni papa. Si mngemuuliza yeye?"

"Kaimu hana jina kwenye chupa."

"Atakuwaje nalo?" Swalehe akadakia. "Juzi si alikaa kiti cha mbele kwenye gari lako?"

"We koma!"

Mgambo wakabeba gunia. Sikuzani akalifuata hadi ofisini, na huko Filbert akamsukumia fomu na kidau cha wino.

"Weka dole."

"Najua kuandika, baba."

Filbert akatazamana na mgambo, akatabasamu, akampa kalamu. Sikuzani aliinama juu ya fomu muda mrefu. Penye maelezo aliandika: *Nyama nilinunua kwa Kaimu. Lori lake huja kila Jumanne. Pomboo akishakauka mimi simjui. Muulizeni yeye.* Akaandika jina lake, akasoma yote kwa sauti bila kukwama hata mara moja.

Filbert aliikunja fomu mara nne, akaitia mfukoni. Akatoa nyingine, iliyokwisha kujazwa.

"Gunia linabaki hapa. Ukitia dole hii, meza utarudishiwa. Ukikataa, meza inakwenda na kesho uko mahakamani."

"Niisome kwanza."

"Dole, mama. Tusicheleweshane."

Sikuzani akamfikiria Raudha, mjukuu wake, ambaye hakuwa na mlezi mwingine. Aliomba moyoni apewe neno la kusema. Akachovya dole, akaligandamiza kwenye karatasi ambayo hakuijua inasema nini.

Ilikuwa Jumanne. Njiani alipishana na lori la Kaimu likielekea sokoni, magunia yamefungwa kamba hadi juu. Dereva akampungia mkono.

Nyumbani alisugua dole kwa majivu, wino ukakataa kutoka. Jioni akaenda darasani, maana ilikuwa siku ya mtihani wa kumaliza. Akajibu maswali yote, la kwanza hadi la mwisho, kwa herufi zilezile za kukaza mkono, akapeleka karatasi mbele pamoja na wenzake.

Mwalimu Nuhu alizipitia moja moja. Katikati akasimama.

"Hii ya nani? Kazi safi kabisa, lakini haina jina."

Wanafunzi wakatazamana.

"Jamani, nimewaambia mara ngapi? Mwenyewe aje aandike jina."

Sikuzani alilifumbata dole lake lenye wino ndani ya kanga, akabaki ameketi akitazama ubao.