Mvinyo wa Behewa

Jenifa alipikia mapadri miaka kumi na tisa katika misheni moja upande wa Itigi, na katika miaka hiyo yote hakulewa hata siku moja. Lakini divai aliijua. Bruda mzee aliyetunza stoo ya misheni alipoanza kupoteza macho, alimfundisha Jenifa kukagua chupa: kunusa kizibo, kuonja kwa ncha ya kijiko, kutema, kisha kusema kama divai inafaa altareni au ipelekwe jikoni iwe siki. Bruda alipofariki, mapadri waliendelea kumwita kila mzigo mpya ulipofika. Habari hiyo ilimfuata hadi Manyoni mjini, alikohamia baada ya mumewe kufa, akawa anauza chai na maandazi jirani na stesheni. Watu walimtania kwamba ana pua ya upadri. Aliwacheka, akaendelea kukaanga.

Pua hiyo ndiyo iliyomtia kitanzini.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu ambavyo zamani ulivipangia foleni tangu alfajiri, sabuni, sukari, vitenge, sasa vilining'inia dukani vikikungoja wewe. Na aliyeifaidi ruksa kuliko wote pale Manyoni alikuwa Urbano. Zamani alikuwa karani wa ghala. Sasa alikuwa na duka, stoo na lori, na kila mnada uliotangazwa alikuwapo. Alinunua bila kuuliza sana. Mwaka ule alinunua behewa zima la mvinyo mwekundu. Mzigo ulikuwa unakwenda ng'ambo ya ziwa, mwenyewe akapotelea vitani, na behewa likakaa kando ya reli miezi na miezi, likinyeshewa masika na kuchomwa na jua la kiangazi. Lilipofunguliwa, karatasi zote za chupa zilikuwa zimebanduka. Hakuna aliyejua mvinyo ule ulitengenezwa wapi wala na nani. Urbano mwenyewe alitaja nchi kulingana na mteja aliyesimama mbele yake.

Sasa, huyo Urbano ndiye aliyemlea Paschal, mtoto wa marehemu kaka yake. Na Paschal ndiye aliyemchumbia Sara, binti pekee wa Jenifa.

Posa ilipokelewa, mahari ikatolewa, ndoa ikatangazwa kanisani mara mbili. Katika kikao cha mwisho cha wakwe, Urbano alisimama akasema kwamba haifai arusi ya vijana wa leo kunywewa pombe ya mtama peke yake kama ngoma ya mavuno. Angewauzia upande wa bibi arusi mvinyo wake kwa nusu ya bei, kwa heshima ya ukwe. Alute, shemeji yake Jenifa, aliyekuwa msemaji wa ukoo, alikubali kabla Urbano hajaketi. Kisha, ili isionekane ameamua peke yake, akaongeza kwamba mama Sara atakwenda kuuangalia, maana yeye ndiye mjuzi. Watu wakapiga makofi. Jenifa alikuwa mlangoni na birika la chai. Hakuulizwa, na makofi yalipokwisha hapakuwa tena na mahali pa kusema neno.

Alikwenda Jumatatu, asubuhi. Urbano alimpokea vizuri, akamwekea kiti, akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za biashara. Ndipo akachukua chupa moja iliyokuwa imetengwa juu ya meza, akaizibua, akammiminia kidogo kwenye bilauri safi. Jenifa alinusa, akaonja. Ulikuwa mvinyo mzuri. Si mzuri wa kawaida. Ulimkumbusha chupa zile chache ambazo askofu alikuja nazo wakati wa ziara. Alisema hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na Urbano akatabasamu.

Lakini macho ya Jenifa yalishakwenda kwenye kreti. Zilipangwa hadi karibu na dari, na zile za juu vizibo vyake vilikuwa vimesukumwa nje, vimechomoza kama meno ya sungura. Bruda alimwambia zamani kwamba kizibo kikitoka namna ile, ujue chupa imepata homa. Joto limeingia, mvinyo umefura. Alinyanyuka, akaipapasa moja. Akaomba ifunguliwe.

Urbano alisema chupa ikifunguliwa imenunuliwa. Jenifa akasema ataihesabu kwenye za arusi. Ikafunguliwa. Harufu ya siki ilijaa stoo hata kabla hajainamisha pua.

"Kwenye gunia la maharage halikosi bovu moja," alisema Urbano.

Jenifa akaomba ya pili, ya kreti ya chini. Ile ilikuwa nzima. Akaomba ya tatu. Hapo Urbano akaweka kizibuo mfukoni taratibu, akafunika kreti kwa kiganja.

"Mkwe," alisema kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote, "hapa tunanunua mvinyo, au tunachunguzana ukoo?"

Jenifa alisimama pale na bilauri mkononi. Angeweza kusema hapana. Alikuwa na kila sababu ya kusema hapana. Hata mtoto angeinusa ile siki. Lakini kusema hapana maana yake ni kutoka mle ndani na habari kwamba mkwe wake anauza vitu vibovu, na habari ya namna hiyo haikai kwa mtu mmoja. Kikao kingeitishwa. Wazee wa upande wa pili wangesema wamedharauliwa, ndoa isogezwe mbele hadi watu wapoe. Na ndoa haikuweza kusogezwa hata wiki mbili. Sara alikuwa na mimba ya miezi mitatu, jambo ambalo Jenifa alilijua, Paschal alilijua, na hakuna mwingine aliyetakiwa kulijua kabla ya pete. Kusema ndiyo nako kulikuwa na shimo lake: mvinyo ukichacha mbele ya wageni, mjuzi alikuwa ni yeye. Aligeuza jambo huku na huku, akaona kila mlango una mtu amesimama.

"Nitachukua kreti nne," alisema. "Lakini za chini kabisa, zile zilizogusa sakafu. Na nizichague mwenyewe."

Urbano aliona amepata, akaita wapagazi.

Siku moja kabla ya arusi, mchana, Jenifa alijifungia jikoni na jirani yake Scola, mwanamke asiyependa maneno. Walifungua chupa zote arobaini na nane. Jenifa alionja kila moja kwa kijiko na kutema kwenye majivu. Kumi na saba zilikuwa zimeharibika. Zilizobaki walizimimina kwenye madumu yaliyooshwa kwa maji ya moto, wakafunga vizuri, ili siku ya pili zisiwepo chupa za kuhesabiwa wala za kuulizwa. Scola aliuliza mara moja tu: kwa nini asimwambie Alute? Jenifa akajibu kwamba Alute atamuuliza aliyezichagua kreti zile ni nani. Scola akavuta chupa nyingine, wakaendelea.

Arusi ilikuwa nzuri. Mvinyo ulitosha kwa kubana, ukasifiwa na kila aliyeonja. Hata padri aliomba aongezewe. Jenifa alikuwa ameanza kuhema kama mtu aliyetua mzigo, pale Urbano aliposimama kuwashukuru wageni. Alishukuru ukoo wa bibi arusi, alishukuru wapishi, kisha akainua bilauri.

"Mvinyo huu mnaousifia umepimwa na mama yetu Jenifa," alisema, "pua ile ile iliyowapimia mapadri. Aliyeupenda, kwangu bado uko, kreti mia na zaidi, na bei ni ile ile ya nusu. Mama kaupitisha."

Watu walimgeukia Jenifa. Alikuwa ameshika sinia la nyama kwa mikono yote miwili. Sara, katika shela lake, alikuwa anamtazama naye, anatabasamu kwa fahari. Jenifa akainamisha kichwa, na kila mtu aliyekuwa pale alikuhesabu kule kuinama kuwa ni ndiyo.

Mwezi ule Urbano aliuza kuliko maduka yote. Watu walitoka hadi Mtinko na Misigiri kufuata mvinyo wa nusu bei. Walinunua kwa ajili ya ubatizo, vipaimara, kumpongeza mtu aliyehitimu. Na wengine wakaanza kupita kwa Jenifa. Wa kwanza alikuwa Gasto, katekista wa kigango kimoja cha mbali, kijana mnyenyekevu. Alisubiri wanywa chai waishe, akasalimia shikamoo, akaketi kwenye benchi na kuweka mezani chupa iliyofungwa kwenye gazeti. Wakristo wa kigango chake walichanga ili wampokee padri mpya. Waliponunua waliambiwa mama Jenifa ameionja.

"Mama, nakuuliza tu, sikuja kugombana," alisema. "Uliionja kweli?"

Jenifa alifungua gazeti, akatazama kizibo kilivyochomoza. Alijua jibu, na alijua pia jibu hilo linaishi nyumba gani. Sara alikuwa anakaa uani kwa Urbano, chumba kimoja na mumewe, tumbo limeanza kuonekana na watu wameanza kuhesabu miezi vidoleni. Urbano angeweza kuhesabu kwa sauti. Alimwambia Gasto kwamba chupa hii hakuionja. Hakuweza kusema zaidi. Akampa maandazi ya njiani, na Gasto akaondoka bila kuuliza tena. Kule kutouliza ndiko kulikomchoma Jenifa.

Baada yake walikuja wengine wanne. Kisha akaja Sara mwenyewe, na ujumbe wa Urbano. Baba amesema watu wakija na chupa waambiwe mvinyo haukuachwa upumue, ndiyo sababu unachacha. Alisema huku akichezea ukingo wa kanga. Jenifa alimuuliza kama anatendewa vizuri. Sara akasema anatendewa vizuri, mama, ila tangu watu waanze kurudisha chupa, baba hamwiti tena kwa jina, anasema "yule binti wa mjuzi."

Jenifa hakupata usingizi mzuri wiki ile. Jumatatu iliyofuata hakuwasha jiko la maandazi. Alivaa gauni lake la kanisani, akachukua kijiko, akaenda moja kwa moja stoo kwa Urbano, saa ambayo wanunuzi walikuwa wamejaa. Akasalimia. Mkwe hasimamishwi mlangoni mbele za watu, hivyo Urbano akamletea kiti mwenyewe. Jenifa akaketi nacho karibu na kreti.

"Mkwe, umesema mvinyo huu nimeupitisha," alisema kwa upole, kwa sauti ya kusikika na wote. "Basi nimekuja kuupitisha."

Akaanza na mwanamke aliyekuwa mbele. Alitazama chupa alizochaguliwa, akazipapasa vizibo, akarudisha mbili na kumpa nyingine mbili kutoka chini. Hakusema mbovu. Alisema tu, "Chukua hizi, mama." Akamgeukia wa pili. Urbano alisimama na mikono nyuma, taya zikimcheza. Angemfukuza vipi? Ni mkwe wake, tena ni yeye aliyetangaza mbele ya arusi nzima kwamba pua hii ndiyo dhamana ya mali yake. Alikohoa, akatoka kwenda kuangalia lori ambalo halikuwa na shida.

Jenifa alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Maandazi yakawa yanakaangwa na Scola, faida wakigawana. Chupa zenye homa zilirundikana pembeni hadi zikawa ukuta, na mwishowe Urbano akaziuza kama siki kwa wenye hoteli za njiani. Watu waliacha kurudisha. Gasto alisikia, akaja, akapewa chupa mbili nzima bila malipo, na Urbano alipotaka kusema kitu Jenifa alimtazama tu. Uani, Sara akaanza kuitwa kwa jina lake. Mtoto alizaliwa mapema, walisema mapema, na hakuna aliyehesabu kwa sauti.

Lakini Jenifa alikuwa bado kwenye kiti. Mara tatu alijaribu kubaki nyumbani, na mara tatu zote chupa za siki zilitoka, na watu wakabisha hodi kwake. Miguu ilimvimba kwa kukaa kutwa kwenye kiti kile. Harufu ya mvinyo iliingia kwenye nguo zake hata wanawake wa kanisani wakaanza kumnong'ona, yeye ambaye hakuwahi kumeza funda.

Kreti ya mwisho ilitoka mwezi wa saba. Jenifa alifuta kijiko, akakifunga kwenye leso, akasimama. Urbano alimshukuru, na safari hii alimshukuru kwa dhati, maana mwishoni aliuza kwa bei kamili na hakuna aliyelalamika. Alimsindikiza hadi barabarani. Jenifa alifika kwake mchana, akaosha gauni lile mara mbili, akalianika, akaketi mlangoni akipepewa na upepo wa upande wa reli.

Jua lilipoanza kushuka Sara alifika, mtoto mgongoni. Alisalimia, akamshusha mtoto, akampa bibi yake. Kisha akasema alichotumwa.

"Baba amenunua behewa jingine, mama. La samli. Makopo nayo hayana karatasi." Akatazama chini. "Anasema kesho uwahi."