Kamba ya Mkwezi

Jumapili, tarehe 9 Novemba 1997. Asubuhi hiyo Diani iliamka na mvua ileile iliyolala nayo, mvua nzito isiyo na ngurumo, na upepo ulikuwa ukiirusha mpaka ndani ya baraza za hoteli. Hapakuwa na mgeni wa kulalamika. Wageni walikuwa wameacha kuja tangu vurugu za Agosti, watu wa bara walipovamiwa majumbani mwao huko pwani; vyumba vilikuwa vimefungwa, na wafanyakazi wanne tu ndio waliobakizwa kuangalia mali hadi mwisho wa mwezi, kisha nao waende zao.

Justus, dobi wa hoteli, alikuwa hajavuka geti tangu Agosti. Alikuwa mtu wa bara, wa Webuye, wa miaka arobaini na minane, aliyeanza kusoma uzeeni katika madarasa ya jioni ya ngumbaru. Sasa alilala katika chumba cha kufulia, akasali humo na kudurusu humo. Jumanne ilikuwa siku ya mtihani wa darasa la nane, na kituo chake kilikuwa Msambweni. Binti yake Nafula angefanya mtihani huohuo, saa hizohizo, huko nyumbani. "Tutaona nani atampita mwenzake, baba," alikuwa amemwambia kwa simu, akicheka.

Lakini mbele ya Gazi, kwenye njia ya Msambweni, maji yalikuwa yameikata barabara. Magari hayakupita. Salimu, mtunza bustani, mzaliwa wa Gazi, aliijua njia ya miguu ya kuzungukia juu, na mara mbili alikuwa amejitolea: walale kwa mama yake Jumatatu, alfajiri amvushe. Mara mbili Justus alimjibu, "Tutaona, Mungu akipenda." Na Justus, aliyemwomba Mungu juu ya kila kitu hata pasi iliyokataa kupata moto, jambo hilo hakuwa amemwomba.

Baada ya chakula cha mchana walikusanyika kwenye meza ya kupigia pasi kucheza mchezo wa Cliff. Cliff alikuwa mhudumu wa mezani, kijana wa Nairobi. Kijana mmoja mgeni alikuwa amemfundisha mchezo huo, kisha akamwachia kitabu chake na madadu ya ajabu, moja likiwa na nyuso ishirini. Cliff ndiye aliyesimulia: hapa pango, pale mlango, hapa joka. Wenzake kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani ya hadithi, akasema mtu huyo afanya nini, na dadu likaamua kama amefaulu.

"Huu wa mapango ndio wa kwanza tu," Cliff alipenda kusema. "Wa vyombo vya angani nimeucheza mara mbili. Bado natamani ule mnajenga kijiji kizima, miaka na miaka, mpaka wajukuu. Na ule wa kupeleleza mizimu."

"Wa mizimu utaucheza na mama yako," alisema Kanze, mpishi, mama wa Kinango. "Mimi kwetu ipo ya kutosha."

Kuanza kwao kulikuwa na kazi. Kitabu kilisema mwenye kupanda kuta na kutumia kamba ni mwizi, na Salimu akakataa katakata. "Mimi niitwe mwizi, hata kwa masihara? Mama akisikia!" Basi wakamfanya mkwezi wa minazi, na kuta za pango akazipanda kama mnazi. Kanze alichukua shoka. Justus alikuwa kuhani. Siku ya kwanza Cliff alipomwambia kuhani anaweza kuomba, Justus alivua kofia, akafumba macho, akaomba kweli: akawaombea wagonjwa, meneja, barabara na watoto wa wote waliokuwapo. Salimu na Kanze wakaitikia "Amina". Cliff alikaa na dadu mkononi mpaka chai ikapoa.

Jumapili hiyo kuhani alikuwa ametumbukia shimoni.

"Maji yanaingia," Cliff alisema. "Yamekufika kiunoni, mzee. Unafanya nini?"

"Naomba."

"Tupa dadu."

Justus alitupa. Tatu, kati ya ishirini.

"Kimya. Maji yako kifuani."

"Ulimwengu wako huu, Cliff, hauna huruma," Kanze alisema. "Nje mvua, ndani mvua!"

"Sikia, Mzee Justus," Salimu alisema huku akiinamia meza. "Mkwezi amelala kifudifudi ukingoni. Anateremsha kamba. Hiyo, iko mbele ya uso wako. Shika."

Cliff alimgeukia Justus. "Unafanya nini?"

Justus aliitazama meza. "Upande wa juu kamba imefungwa wapi?"

"Haikufungwa popote. Salimu ameishika."

"Ukutani hapana jiwe la kukanyaga?"

"Hapana, mzee. Kuta ni laini kama sahani. Kuna kamba tu."

"Basi nitangoja kidogo."

"Ungoje nini? Maji yako shingoni!"

"Nitangoja," Justus alisema, na jasho lilikuwa limemtoka kweli.

Kanze alicheka, kisha akaacha. Salimu alikuwa amerudi nyuma kwenye kiti chake.

"Hata kwa mchezo, Mzee Justus?" Salimu aliuliza polepole. "Kamba ya maneno tu, nayo ukiona niko mwisho wake huishiki?"

Justus angeweza kulipitisha jambo hilo kwa mzaha. Alifungua kinywa kufanya hivyo, na mzaha haukuja.

"Ile jioni ya Agosti, kule Ukunda," alisema, "kabla hawajaivunja nyumba yangu, mtu alibisha. Hakupiga kelele. Alisema, 'Shikamoo, Mzee Justus. Tafadhali nifungulie.' Kwa adabu, kama mnavyosema ninyi wa pwani. Na sauti niliijua, Salimu. Niliijua kama ninavyoijua sauti ya mtu anisalimuye kila siku. Nikatoroka kwa dirisha la nyuma. Tangu hapo nakaa nikisikiliza, nami sikumbuki ilikuwa ya nani."

"Ilikuwa yangu?"

"Sijui."

"Miezi mitatu tunakula sahani moja, na hujui?"

"Ndiyo maana sikuuliza. Ukisema si wewe, nitajuaje? Na ukisema ni wewe, nitakwenda wapi? Geti ni hili moja."

Kanze alishika kiuno. "Mimi nami ni wa huku, Baba Nafula. Na chakula changu je?"

"Nakiombea kwanza."

"Kumbe! Mimi nadhani mtu anashukuru, kumbe anaondoa sumu!" Alicheka kwa uchungu, akapangusa macho kwa upindo wa leso.

Cliff alifunika madadu kwa kiganja. "Maji yamesimama," alisema. "Hapo hapo shingoni. Hayapandi mpaka niseme."

Justus alimtazama Salimu akingoja aape. Wallahi moja tu, alifikiri, ningelala usingizi. Lakini Salimu alitikisa kichwa kana kwamba amelisikia wazo hilo.

"Sitakuapia," alisema. "Nikiapa leo, kesho utataka niape tena. Mimi nilikuwa Gazi siku ile, tumefunga milango kama wewe. Ukitaka, amini. Kesho baada ya chai nakwenda kumwona mama, nawe ukiwapo au usipokuwapo. Geti litakuwa wazi. Basi."

Justus aliinama, mikono juu ya blanketi la kupigia pasi lililoungua ungua. Wenzake walidhani anaomba. Hakuwa anaomba maneno yoyote. Alikuwa akitafuta ndani yake uhakika, na kila alipochimba alikuta ile sauti, yenye adabu, isiyo na uso. Ikamjia kwamba uhakika huo hautapatikana, si leo, si mwisho wa mwezi, si akikaa ndani ya chumba hiki mpaka nywele zimalizike kichwani. Hapo ndipo alipoomba. Hakuomba kujua. Aliomba miguu.

Alisimama, akavua kofia.

"Kanze, nisikilize. Na wewe Cliff, sikiliza vizuri, utakuwa shahidi." "Salimu, mimi sijajua, na siwezi kukudanganya kwamba nimejua. Lakini kesho baada ya chai nitatoka na wewe geti kuu, mchana, watu wakiona. Nitalala nyumbani kwa mama yako, nitakula atakachonipa, na nikiomba nitakuwa nashukuru. Jumanne, penye maji, utatangulia, nami nitakushika mkono mpaka ng'ambo. Nimesema mbele ya Mungu na mbele ya hawa wawili: nitakwenda."