Sauti Iliyofichwa Jalalani

Mume wangu alipopasuliwa koo, uvimbe ulitoka na sauti ikaondoka nao. Yeye mwenyewe alirudi nyumbani mzima, nikashukuru. Ila sauti yake iliyobaki duniani ilikuwa ndani ya kompyuta yetu kuukuu, alikojirekodi wiki moja kabla ya kulazwa. Sasa kompyuta hiyo ilikuwa imeanza kugonga, tik, tik, kama kuku anayedonoa bati.

Nikaiviringishia shuka, nikaipakata mpaka kwa fundi, mzee wangu nyuma na daftari lake la kusemea.

Fundi, mwanamke mnene wa vidole vyembamba, akaichomoa diski, akaiunganisha na mashine yake, akaitegea sikio kama mkunga.

"Bibi, hii inakata roho. Nitanakili vinavyosomeka, kimoja kimoja. Ikizima haiwaki tena. Tuanze na kipi?"

"Sauti ya babu yako. Folda imeandikwa hivyohivyo, Sauti."

Akabofya. Tupu.

Mzee akaandika mbiombio, akatugeuzia daftari: *Nilihamisha.*

"Ukapeleka wapi?"

*Jalala.*

Fundi akaachia kipanya. "Babu, folda ya jina hilo nimeiona. Nikasema hata nisihangaike nayo."

"Mzee wangu," nikamwambia, "maneno yote yale, hukuona jina jingine?"

Akaandika mistari miwili. Fundi akaisoma kwa sauti, nikajuta kuja na mzee: "Huyu hufuta vyangu apate nafasi ya tamthilia zake. Jalala hawezi kuligusa. Hapendi kufagia."

Fundi akacheka mpaka akajifuta macho. Mimi nikatazama dari. Kweli nilifuta, lakini zile zilikuwa mechi za mpira tu, tena za timu iliyofungwa.

Faili zilikuwa kumi na moja. Ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ya tatu ikakwama, diski ikagonga, na mzee akanibana mkono kwa nguvu nilizodhani zilikwisha zamani.

"Tuiache," fundi akasema. "Tukiing'ang'ania itatuulia zilizobaki."

Ya sita nayo tukaiacha. Ya kumi na moja ilipomalizika, diski ikagonga mara mbili, ikanyamaza moja kwa moja.

"Tisa," fundi akasema. "Tena nzima."

Nikakaa juu ya katoni la printa, likabonyea, sikujali.

Akafungua moja. Ikatoka ile sauti nene yenye mkwaruzo, na ilikuwa inanisema mimi: "Bi Maneno, nikinyamaza usijidai umeshinda. Chai bado unaijaza sukari, na mlango wa nyuma tangu tuoane hujaufunga hata siku moja..."

Mabega ya mzee yalikuwa yanatikisika kwa kicheko kisicho na mlio. Akaanza kugonga meza, ananionyesha mashine kwa kidole, yaani sikia, sikia hapo.

"Hebu tulia, mzee wangu," nikamwambia. "Niache nisikie unavyosema."