Filamu Kwenye Stoo ya Ndizi

Makori aliziba nyufa zote za stoo ya kuivishia ndizi kwa mablanketi, akaanza kuisafisha filamu ya kamera gizani ili itoe picha. Ilibeba picha za jiwe ambalo karani wa kupima chai alilikwamisha chini ya mizani ili majani chai ya wakulima yaonekane na uzito mdogo, na mkutano wa wakulima ulikuwa kesho yake.

Mara mamake, Nyanchera, akafungua mlango. Mwanga ukaingia wote.

"Mama, nilisema mlango usiguswe! Picha zimeungua."

"Nimekuja kubonyeza ndizi nione kama zimeiva. Zingeoza angelaumiwa nani?"

Makori akashusha pumzi. "Jiwe uliliona wewe kwanza. Kesho utasimama useme."

"Sasa ndipo unaniomba," akasema Nyanchera, akiendelea kubonyeza. "Nilidhani mnaamini picha tu."