Ongeza Sauti

Mwendwa alikuwa akisomea muziki, na utafiti wake ulihusu nyimbo ambazo vyama vya siri vya wanaume huimba wakipokea wanachama wapya. Kila alikobisha alifukuzwa, hadi mzee Gachau, kiongozi wa udugu mmoja wa wafanyabiashara wa Thika, alipomsikia akipiga kinanda kanisani.

"Mpigaji wetu amehama," alisema. "Njoo utupigie. Utakaa chumba cha nje, na usiache kupiga mpaka nikuambie."

Jumamosi mchana aliyekuwa akiingizwa ni Simeon, mwenye bucha kule Kamakis. Alipokuwa akivua viatu alimkonyeza Mwendwa. "Piga vizuri, kijana. Usinipigie kama wa matanga." Wakamfunga kitambaa machoni, wakampeleka ndani.

Mwendwa alikuwa katikati ya wimbo, akiwaza jinsi atakavyouandika, aliposikia kishindo, kisha sauti ya Simeon: "Nifungueni! Siwezi kupumua!"

Vidole vikasita. Mlango ukafunguka kidogo, Gachau akachungulia. "Ongeza sauti."

Akaongeza.

Simeon alitolewa amebebwa, kitambaa bado kiko machoni. Alifika hospitali akiwa maiti. Mkewe, Wanja, aliambiwa moyo ulisimama ghafla, hakuteseka.

Hakuamini. Alimfuata Mwendwa hosteli, Kahawa Wendani.

"Wewe ulikuwa hapo. Aliita?"

"Aliita, mama. Nikaambiwa nipige kwa nguvu."

"Na ukapiga."

"Nikapiga."

Wanja akaelekea mlangoni. "Vaa viatu," akasema. "Twende polisi."

Wanaume wote waliokuwa ndani waliandikisha kwamba hakuna aliyeita. Hapo kituoni wakili wao alimuuliza Mwendwa, "Kinanda kilikuwa juu kiasi gani?"

"Juu kabisa."

"Basi ulisikiaje mtu nyuma ya mlango?"

Alieleza kwamba alisikia kabla ya kuongeza sauti. Lakini hakukuwa na mwingine wa kumuunga mkono, na faili ikafungwa.

Ndipo mwili ukatolewa mochari, Simeon akazikwa kwao Ruiru. Gachau na wenzake walikuja na glavu nyeupe za udugu wao, wakajipanga kuimba. Wanja akasimama mbele ya kaburi.

"Hapa hamuimbi."

Wakarudi nyuma. Watu wakaanza kurudishia udongo. Mwendwa alisogea, akashika koleo moja, lakini Kiama, mdogo wa marehemu, akamnyang'anya.

"Wewe pia," alisema. "Kaa kando."