Umepotea Sana, Hazamu

Saa kumi na moja na nusu jioni Prudensia alikuwa akikata mboga jikoni kwake, Garland, Texas, simu imeegemea kopo la chumvi. Kila akimaliza fungu moja, alisogeza picha za setilaiti za jangwa kwa kidole chenye harufu ya kitunguu. Alikuwa akiutafuta mji wa Hazamu, uliopotea miaka elfu mbili iliyopita. Chama cha Watafiti wa Majangwa cha Houston kiliutafuta kwa ndege na kwa mbwa, hakikuupata. Yeye aliutafuta nusu saa kila siku, kabla maharage hayajaiva.

Kwao Singida alifundisha historia miaka kumi na mmoja. Hapa anaogesha wazee, kwa sababu cheti chake cha ualimu kilifika Texas kikiwa cheupe. Maandishi yalishukia njiani. Iliwatokea wengi. Chama cha Houston, hata hivyo, kilikuwa na daftari la wagunduzi, na Prudensia alitaka jina lake liingie humo, maana binti yake Queen, wa darasa la kwanza, alikuwa ameandika shuleni: mama yangu anaosha watu.

Jioni hiyo, nyuma ya tuta la mchanga, akaona ukuta. Akafanya anachofanya mtu aliyelelewa vizuri akimwona mwenzake wa siku nyingi.

"Heee! Umepotea!"

"Nipo," mji ukajibu. "Ninyi ndio mmepotea."

"Haya, za siku?"

"Salama. Mchanga tu."

"Karibu, ndiyo tunataka kula."

Kosa lilikuwa hapo. Kwao Singida mtu akikaribishwa hivyo hushukuru, akapita zake. Hazamu haukuwa na safari nyingine.

Jumamosi asubuhi ulikuwa uani, na milango yake minne, visima na watu wake, umekaa kwenye maegesho ya wageni kama inavyotakiwa. Ofisi ya nyumba za kupanga ikaubandika karatasi ya rangi ya chungwa: usipoondoka kwa saa ishirini na nne, utavutwa. Placide, jirani Mkongo anayefanya kazi ghalani, akagonga.

"Mama Queen, muji yako inafunga motokari yangu."

"Samahani, baba. Ongea na lango la kusini, ndilo lenye akili."

Akaongea nalo, likasogea.

Dokta Elimringi wa kile chama aliendesha gari mwendo wa saa nne kutoka Houston. Akapima ukuta, akaonja maji ya kisima, akanywa kahawa na wazee wa mji. Akasema ni wenyewe, hana wasiwasi. Kisha akafungua daftari.

"Cheti, dada yangu."

Prudensia akampa. Akakigeuza huku na huku.

"Cheupe."

"Ndivyo kilivyofika."

"Pole. Cha shemeji yangu pia."

"Mimi nimesalimiwa na huyu," mji ukasema, mchanga ukidondoka ukutani. "Wenu walikuja na mbwa. Hata hodi hawakupiga."

"Ushahidi wa kilichogunduliwa haupokelewi," Dokta akasema kwa upole, akaandika: Hazamu. Mgunduzi: hakuna. Akaomba radhi, akafungiwa tende za njiani.

Mji ulibaki. Gari la kuvuta lilikuja, likavuta nusu saa, likaondoka bila bampa. Watu wa Hazamu walitaka kujua yaliyotokea wakati hawapo, kwa hiyo kila Jumamosi Prudensia huwafundisha langoni, karne moja kwa kipindi. Wamefika ya tatu. Queen huketi mstari wa mbele na kujibu kwa Kiingereza, nao humwelewa. Shuleni aliifuta ile sentensi yake, akaandika: mama yangu anafundisha mji. Mwalimu wake akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, ikarudi ilivyokuwa.

Jumatatu alfajiri, Prudensia akitoka kwenda kazini, mlinzi wa lango la kusini, mzee wa miaka elfu mbili na ushee, husimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," huitikia bila kupunguza mwendo, maana amechelewa. Kazini husaini penye neno msaidizi, na msimamizi humkumbusha, kila Jumatatu, apanguse mchanga viatuni kabla ya kuwagusa wazee.