Supu ya Wadudu wa Barafu

Friji la Mwamvua lilikuwa la mafuta ya taa, na mtaa mzima wa Kambarage ulilijua. Marehemu mumewe alilinunua kwa Mhindi mmoja mnunuzi wa pamba aliyekuwa akifungasha kuhama, akalileta nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe, na tangu siku hiyo Mwamvua akawa muuza juisi ya ukwaju ya baridi, tena baridi ya kweli, siyo ile ya mtungi. Kulitunza kulitaka moyo. Utambi ukiwa mrefu linatoa moshi, ukiwa mfupi halipoi, na mwaka ule wa themanini na tatu mafuta yenyewe yalipangiwa foleni tangu alfajiri. Mwamvua alinung'unikia kila kitu duniani, lakini foleni ya mafuta ya friji hakuinung'unikia hata siku moja.

Kwa hiyo binti yake, Tabu, aliposhuka kwenye treni akitokea Chuo Kikuu, amekumbatia chupa kubwa ya chai na kukataa mtu yeyote ampokee, Mwamvua alijua moja kwa moja kwamba friji lake linatafutwa.

"Humu mna wadudu, Mama," Tabu alisema. "Bakteria. Hawaonekani kwa macho. Tumewatoa kwenye barafu ya Kilimanjaro, kule juu kabisa. Wanapenda baridi, joto likiwapata wanakufa."

"Sasa mmewaleta Shinyanga kufanya nini, kama siyo kuwaua?"

Aliyejibu alikuwa Kalisti, mwanafunzi mwenzake Tabu aliyefuatana naye, kijana mrefu wa Geita mwenye adabu zake. Aliamkia kwanza, akaitikiwa marahaba, ndipo akaeleza. Kaka yake Cornel alikuwa mchimba dhahabu Rwamgasa. Alijikata na sururu mguuni, kidonda kikaoza, sindano zote za zahanati zikashindwa, na mguu ukaondoka. Sasa hawa wadudu wa barafu, walipojaribiwa chuoni, walitoa kitu kinachoua vijidudu vya usaha. Walitaka kwenda Rwamgasa kuchukua usaha kwenye vidonda vya wachimbaji wenyewe, waone kama wadudu watauweza. Ndani ya ile chupa ya chai mlikuwa na vichupa sita, vidogo, vimezibwa kwa pamba, na hakukuwa na vingine popote. Vile vya chuoni viliharibika umeme ulipokatika siku tatu.

"Wanakula nini?" Mwamvua aliuliza.

"Supu ya nyama," alisema Tabu, huku akipanga mfuko wa safari. "Lakini wewe usijisumbue, Mama. Wewe angalia utambi tu."

Neno lile lilimchoma. Wewe angalia utambi tu! Mwanamke aliyelea watoto wanne na kulisha misiba ya mtaa mzima, leo aambiwe supu haimhusu. Lakini akawafungia mihogo ya kukaanga ya njiani, na asubuhi wakapanda lori la Geita.

Siku ya tatu alifungua friji kutoa jagi la juisi, macho yakatua kwenye chupa. Supu zote sita, zilizokuwa safi kama chai ya rangi, sasa zilikuwa na ukungu mweupemweupe. Zimechacha! Ndani ya friji lake! Wageni wa binti yake, waliotoka mlimani mpaka hapa, wanakalishwa kwenye supu iliyochacha nyumbani kwa Mwamvua binti Hatibu. Aliona aibu kana kwamba kuna mtu anamtazama.

Hakupoteza muda. Alikwenda buchani kwa Sabiti kuchagua mfupa wenye uloto, akauchemsha mpaka adhuhuri, akaichuja supu mara tatu kwa kitambaa cheupe. Alitia chumvi kidogo. Alitia na tangawizi, maana watu wa baridi hawakosi kifua. Akaipoza kabisa, asije akawaunguza. Kisha akamwaga ile iliyochacha, akasuuza chupa, akajaza supu mpya, akarudisha pamba zake, na kufunga mlango akiwa na furaha ya mtu aliyefanya wema bila kuombwa.

Tabu na Kalisti walirudi siku ya tano, wamejaa vumbi jekundu, na kijisanduku cha usaha wa Rwamgasa mkononi. Tabu alikimbilia friji kabla hata ya kunawa. Akatoa chupa ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ya pili. Ya tatu.

"Wamekufa," alisema.

"Mbona supu ni safi kabisa?" Mwamvua aliuliza.

"Ndiyo hivyo, Mama. Wakiwa hai supu inakuwa na ukungu. Ikiwa safi, hakuna kitu." Akakaa chini kwenye sakafu. "Friji hili bovu. Limezimika."

Mwamvua alisimama pale na khanga yake mdomoni. Friji la marehemu, ambalo halijazimika miaka kumi na miwili, linasingiziwa mbele yake, na yeye anajua nani mwenye kosa. Kalisti naye alijilaumu, akasema huenda ni yeye aliyezitikisa mno kwenye treni. Tabu akavuta karatasi, akaanza kumwandikia mwalimu wao barua kwamba wadudu hawa hawafai, hawastahimili safari, utafiti usimame hapo. Kalisti aligeukia ukutani. Mwamvua alijua anamfikiria Cornel.

Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Lakini alipomwona mwanawe anafuta machozi kwa kiganja, vilevile alivyofuta alipokuwa wa miaka sita, hakuweza.

"Tabu, acha kuandika. Friji halikuzimika. Ni mimi."

Akasema yote, mpaka mfupa wa Sabiti. Alipofika kwenye tangawizi, Kalisti alikohoa, akainamisha kichwa, na mabega yakaanza kumtikisika. Tabu hakucheka.

"Mama! Nilikwambia uangalie utambi tu!"

"Uliniambia. Hukuniambia kwamba kuchacha ndiko kuishi kwao. Ningejua hilo, ningeigusa?"

Tabu aliiweka kalamu chini.

"Chupa uliziosha na nini, Mama?" Kalisti aliuliza taratibu.

"Nilizisuuza kwa maji ya baridi. Sabuni sikutia. Paskazia hapo jirani, kwao Didia, kibuyu cha maziwa hawakioshi kwa sabuni. Utando ukibaki ndani, maziwa mapya yanaganda yenyewe. Nikasema hawa wadogo nao watakuwa wamejishika kwenye kioo."

Kalisti alimtazama Tabu. Tabu alimtazama Kalisti, kisha akaichana barua.

"Vijidudu vya jikoni haviwezi baridi ile," Kalisti alisema. "Kitakachoota humo..."

"Kitakuwa chetu," Tabu alimalizia. Akainuka, akamkumbatia mama yake na vumbi lake lote. "Nisamehe, Mama. Nilikufanya mtunza taa."

Walisubiri. Mwamvua aliacha kuuza juisi, mlango wa friji usifunguliwe ovyo, na wateja walimsema mpaka wakachoka. Siku ya kwanza kitu hakuna. Ya pili, ya tatu, hakuna. Siku ya sita Tabu alianza kufunga mizigo, maana chuo kilikuwa kinafunguliwa. Siku ya saba, asubuhi, Mwamvua alipiga magoti kukata utambi, akachungulia, akaitoa chupa moja, akaikimbiza uani kwenye jua, akakumbuka jua, akairudisha kivulini.

Kisha akapiga vigelegele. Vilikuwa vya harusi, virefu, mpaka kuku wakatawanyika.

Paskazia alitokeza kichwa ukutani, akaamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, Mama Tabu! Binti kaposwa na yule mrefu?"

"Imechacha!" Mwamvua alipaza sauti, machozi yakimtiririka. "Supu yangu imechacha, Paskazia! Zote sita!"

"Pole, dada," alisema Paskazia. Akatazama chupa, akamtazama Tabu aliyekuwa anarukaruka uani, akaenda zake kuwaambia watu kwamba joto la mwaka huu limewazidi wale.